Spea nzito mlangoni mwa Prado: niihamishie kwenye bampa, niipandishe paani, au niiache hapo hapo?

Ruaka120:
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijamruhusu mtu kuwasha mashine ya kuchomelea karibu na gari langu.

Nina Prado 120, ile yenye spea, yaani tairi la akiba, kwenye mlango wa nyuma. Kiwandani ilitoka na tairi za saizi 265/65R17. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa safari za kaskazini, Marsabit na Loiyangalani huko, akaivika 285/70R17 za matope, tano zote kwenye rimu za chuma, na ya tano akaipachika mlangoni. Gari linapendeza, sikatai. Lakini safari zangu mimi ni Ruaka, mjini, shule ya watoto, na mara moja moja Naivasha au Magadi.

Shida ni mlango. Ukiufungua unashuka upande wa kitasa, na kuufunga lazima uunyanyue kwa mkono mmoja huku ukisukuma kwa mwingine. Kile chuma cha kwenye fremu ambacho kitasa hukikamata kimelika upande wa chini mpaka kinang'aa. Rangi karibu na bawaba ya juu imeanza kupasuka. Kila tuta, hata liwe dogo, nasikia "kong" huko nyuma. Na nikienda Magadi vumbi linaingia mpaka kwenye viti vya watoto.

Fundi mmoja ameniambia achomelee bati ndani ya mlango. Jirani anasema nipandishe spea juu ya paa. Mwingine anataka kuniuzia bampa yenye mkono wa spea. Nyinyi mnasemaje?

ChumaChakavu:
Ishushe uipime kwanza. Usitumie mizani ya bafuni, ipeleke kwa muuza vyuma chakavu yeyote, atakupimia bure ukimwongelesha vizuri. Bila kilo tutakuwa tunabishana hewani.

PaaJuu:
Weka paani, kaka, yaishe. Mlango unapumua, kioo cha nyuma unaona vizuri, na gari linakaa kiume. Spea yangu iko juu na sijawahi kujuta.

LandiYaBabu:
Karibu kwenye ugonjwa wetu wa siku nyingi. Sisi wa Defender za zamani tumeuzoea. Mlango wa nyuma ule ngozi yake ni ya alumini, spea imening'inia katikati, na baada ya miaka ya barabara mbovu unaona nyufa zinatambaa kutoka kwenye boliti za kishikilio. Wenzetu wengi walihamia kwenye mkono unaobeba spea wenyewe, wenye bawaba zake zilizofungwa nje ya mlango. Mlango ukabaki kazi yake ni kuwa mlango.

FundiLungaLunga:
Mzee wa Ruaka, nimefanya kazi hii ya bodi muda mrefu, hebu nikueleze kinachotokea ili usidanganywe na mtu, hata mimi mwenyewe.

Spea ya kiwandani ya 265/65R17 kwenye rimu ya aloi inakaa karibu kilo 30, kidogo juu au chini kutegemea tairi. Toyota walipotengeneza ule mlango walijua mzigo ni huo. Sasa wewe una tairi la matope lenye kuta nene, halafu rimu ya chuma. Usishangae mizani ikisoma 40 na zaidi. Mtu atakwambia kilo kumi ni nini, hata mtoto anazibeba. Kilo kumi si kitu ukiziweka sakafuni katikati ya gari. Pale nyuma hesabu ni nyingine.

Chukua bawaba. Kitovu cha tairi kiko, tuseme, sentimita 45 kutoka kwenye mstari wa bawaba, na bawaba mbili zimeachana sentimita 50 hivi. Tairi la kilo 42 linaivuta bawaba ya juu itoke nje kwa nguvu ya karibu kilo 38, na ya chini linaisukuma ndani kwa nguvu hiyo hiyo. Hapo gari limesimama na mlango uko wazi. Ukiufunga, kitasa kinasaidia kubeba. Ukigonga tuta kwa kasi, mzigo unaruka mara mbili, mara tatu ya hapo kwa nukta moja. Kilo 38 zinakuwa zaidi ya mia. Hiyo "kong" unayoisikia ndiyo hiyo.

Ndiyo maana barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati inaua milango kuliko shimo kubwa. Shimo utalikwepa au utapunguza mwendo. Mikunjo inatikisa mlango huo mfululizo mpaka ufike, na chuma kinachotikiswa hivyo huchoka taratibu, kinaanza ufa mahali penye boliti au penye kona. Gari la kaskazini likija kwangu naangalia hapo kabla ya kufungua boneti.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalihesabu. Spea iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo inafanya kazi kama wenzo. Kwenye Prado 120, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.79. Tairi la kilo 42 likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inabeba karibu kilo 60, na mbele kunapungua kilo 18. Ongeza bampa ya chuma, mkono wake, dumu la mafuta na watoto watatu na mabegi, utaelewa kwa nini springi za nyuma zimelala na taa zako zinamulika majani ya miti usiku.

Kuhusu huyo anayetaka kuchomelea bati ndani ya mlango: mwambie asubiri. Akitia ugumu katikati ya mlango bila kugusa bawaba, ufa utahamia pembeni ya bati lake. Kwanza fungua boliti za spea, iweke chini, halafu shika mlango mtupu na uutikise juu na chini. Ukicheza, bushi za bawaba zimekwisha au nguzo yenyewe imeanza kulegea. Usipocheza, ni mzigo tu. Hizo ni kazi mbili tofauti na bei zake hazifanani.

MamaRav:
Fundi asante, lakini mnatisha watu. Nina RAV4 ya 2008, spea iko mlangoni tangu itoke Japani, tairi ni la saizi ya kiwandani, na mlango unafungika kwa kidole. Wakati ule karibu kila gari la aina hii lilikuwa hivyo. CR-V za kwanza, Escudo, Terios, Pajero. Si ugonjwa. Ugonjwa ni kubadilisha tairi kisha kusahau kwamba mlango haukubadilishwa.

Na kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, bawaba za RAV4 ziko kulia, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara unapakia ukiwa umesimama upande wa ukingo. Marekani gari hilo hilo liliwafungukia vibaya, mlango unaziba njia ya kutoka kwenye ukingo. Hapa Nairobi limekaa sawa kabisa. Ni jambo dogo, lakini ukipakia mboga Wangige asubuhi na matatu zinapita mgongoni mwako utalishukuru.

FundiLungaLunga:
Dada umesema kweli. Sina ugomvi na spea ya mlangoni ya saizi yake.

MpwaniJijini:
Mbona mwahangaika hivyo ndugu zangu? Aweke spea ndogo nyepesi mlangoni, hayo mazito yabaki chini yakizunguka. Imekwisha.

FundiLungaLunga:
Haijaisha, kaka. Prado 120 inasukuma magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu ya Torsen, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, la 285/70R17 ni 831. Ukifunga dogo moja pamoja na makubwa matatu, difu itakuwa inasawazisha tofauti hiyo bila kupumzika. Kutoka ulipopata pancha hadi kwa fundi wa karibu, polepole, sawa. Kutoka Loiyangalani kurudi Nairobi, utanunua difu.

Spea iwe na kipenyo sawa na ndugu zake. Unachoweza kupunguza ni uzito, kwa mfano utoe rimu ya chuma uweke ya aloi inayolingana nayo.

PaaJuu:
Ndiyo maana nikasema paani.

MzeeNarok:
PaaJuu mwanangu, hebu niulize. Ukipata pancha usiku pale mteremko wa Mai Mahiu, malori yanashuka, mvua inanyesha, wewe peke yako na mama watoto. Nani anaiteremsha kilo arobaini kutoka juu ya gari lililokuzidi kimo? Ukiikosa mkononi inashuka na boneti au na mguu wako. Na ile iliyopasuka, nani anaipandisha?

Halafu kila gari lina kikomo cha paa. Jimny hii mpya Suzuki wanasema kilo 30 tu, na humo humo uhesabu fremu ya kubebea. Tairi lake la 195/80R15 na fremu vinamaliza kikomo chote kabla hujaweka hema. Prado inastahimili zaidi ya hapo, lakini soma kitabu cha gari lako, usiniamini mimi wala huyo kijana. Na ujue kila kilo ya juu inapandisha kitovu cha uzito. Kwenye kona za Limuru mwili wa gari utakukumbusha.

PaaJuu:
Mzee nimesikia. Lakini ukiwa na watu wawili si kazi.

MzeeNarok:
Ukiwa na watu wawili, ndiyo. Na pancha huchagua siku uko mmoja.

KahawaWest:
Swali la mshamba. Kwa nini wasiiweke chini ya gari tu kama pikapu? Si kuna Prado zenye spea chini?

LandiYaBabu:
Zipo. Sababu moja ya kuiweka mlangoni ni tangi la pili la mafuta. Prado 150 za Australia zilikuwa na matangi mawili, lita 150 kwa jumla. Walipoleta ile ya mlango bapa, spea ikashuka chini, tangi la pili likatoka, zikabaki lita 87. Kwa mtu wa jangwani hiyo ni tofauti kati ya kufika na kuomba lifti. Kwa mtu wa Ruaka mwenye vituo vya mafuta kila kona, ni sawa tu.

Prado mpya ya 250 wameiweka chini kabisa na mlango unafunguka kwenda juu. Defender mpya nao wamekataa, spea imebaki mlangoni. Kila mmoja na imani yake.

ChumaChakavu:
Na chini ya gari kwa Nairobi ni zawadi kwa wezi. Fimbo ile ile unayoishushia wewe ndiyo wanayoishushia wao, na hawahitaji funguo za gari. Kama yako iko chini, tia kufuli ya mnyororo. Pia matope yanaganda kwenye winchi ndogo, kutu inaingia, siku ya pancha haishuki. Ishushe na kuipandisha mara kwa mara hata kama huna shida nayo, paka grisi.

MamaRav:
Ya mlangoni nayo inaibwa, msijidanganye. Weka nati yenye funguo yake. Na funguo hiyo isikae kwenye droo ya jikoni nyumbani!

Jambo jingine kuhusu ya mlangoni: jua. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, na jua la hapa halina huruma kwa mpira. Watu wanavika kava zuri lenye picha ya kifaru, halafu miaka inapita hawajafunua. Dada yangu alipata pancha karibu na Suswa, tukafunua kava, tairi lina kashata mpya kabisa, halijawahi kugusa lami, lakini ubavuni limejaa nyufa ndogo ndogo. Tukasoma DOT, ile alama ya ubavuni mwa tairi, zile namba nne za mwisho zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi lilikuwa na umri wa kwenda shule. Tuliendesha mpaka Mai Mahiu kwa mwendo wa harusi.

Sasa mimi nimelitia spea kwenye zamu. Nikizungusha tairi zangu, nazungusha tano, si nne.

Ruaka120:
Nimerudi. Nimeenda kwa jamaa wa vyuma Ndenderu, tukaitundika spea kwenye mizani yake ya ndoano. Kilo 43. Kijana wake aliniuliza kama nauza rimu.

Baadaye nikautikisa mlango mtupu kama Fundi alivyosema. Bawaba ya chini imetulia. Ya juu inacheza, na ukiweka kidole kwenye maungio unahisi inagonga. Nguzo ya gari haina ufa, ni rangi tu. Bila spea mlango unafungika wenyewe, sauti ile nzuri ya zamani.

FundiLungaLunga:
Basi una bahati. Ni bawaba, si bodi. Badilisha zote mbili, usibadilishe moja. Za kutoka magari yaliyobomolewa utazipata Kirinyaga Road, lakini zitikise kwanza kabla hujalipa, maana nyingi zimetoka kwenye gari lenye ugonjwa huo huo. Kabla ya kufungua zako, chora mstari kwa kalamu kuzunguka kila bawaba ili mlango urudi palepale. Uwekewe jeki na ubao chini yake wakati boliti zinatoka. Mlango usining'inizwe kwenye bawaba moja hata kidogo. Kitasa kirekebishwe mwisho kabisa, mlango ukishakaa, na raba utie mpya kwa ajili ya vumbi la Magadi.

Ruaka120:
Asante sana mzee. Sasa lile la bampa yenye mkono. Nifanye au nisifanye?

FundiLungaLunga:
Ukitaka kubaki na kilo 43, ndiyo, ihamishe. Bampa ile mzigo wake unaenda kwenye chasisi, mlango unabaki mwepesi. Lakini si kila bampa. Kuna wanaokata bomba la geti, wanachomelea sahani, wanaliita mkono wa spea. Ukitengenezewa hapa mjini, iwe Kariobangi, iwe Industrial Area, kagua haya: mkono uzunguke kwenye ekseli nene yenye beringi za tepa na mahali pa kutia grisi, si boliti ndani ya bomba. Ukifungwa, ncha yake ipande juu ya kikalio kinachobeba uzito, kisha kikamatio kiubane. Kama kikamatio ndicho kinabeba uzito, utaisikia ile "kong" tena, safari hii umeilipia. Na kuwe na pini ya kuuzuia mkono ukiwa wazi, usije ukajifunga wenyewe na kukuponda ukiegesha mtelemkoni.

Boliti ziingie kwenye chasisi pale pale ilipokuwa bampa ya zamani. Akitaka kuchomelea chasisi, ondoka.

Zile za Australia, Kaymar na wenzao, zimejibu maswali haya yote tangu zamani. Bei yake ndiyo swali.

WestlandsJioni:
Niongeze jambo. Mkono usizibe nambari ya gari, taa wala kamera. Nambari isipoonekana ni kosa, na askari hatajali kwamba uliiziba kwa uzuri. Hamisha nambari na uiwekee taa yake.

LandiYaBabu:
Na ujue bampa na mkono vinaongeza uzito wao wenyewe, pale pale nyuma ya ekseli. Utautoa mzigo mlangoni lakini kwenye springi utauongeza. Mimi niliishia kubadilisha springi. Hapo ndipo mchezo huu unapokupeleka, kila dawa inaleta ugonjwa wake.

MzeeNarok:
Mwanangu wa Ruaka, mimi nakuuliza la kizee. Hizo tairi za matope unazihitaji za nini?

Ruaka120:
Mzee umenishika pabaya. Zilikuja na gari.

MzeeNarok:
Nimeishi na gari za porini maisha yangu yote. Tairi la matope kwenye lami ya Waiyaki Way mvua ikinyesha si rafiki, linanguruma, linakula mafuta, na breki zinachelewa. Rudi kwenye saizi ya kiwandani, au 265/70R17 kama unataka kuinuka kidogo, za ardhi zote, si za matope. Spea itarudi kwenye kilo thelathini na kidogo na aloi yake, bawaba mpya zitadumu, na hutahitaji bampa ya mtu. Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari na zile kamba za kuziba pancha. Msumari wa mjini unazibwa tairi likiwa hapo hapo kwenye gari. Spea iwe ya siku tairi limepasuka ubavu.

FundiLungaLunga:
Hapo nakosa kazi ya bampa, lakini mzee amesema sawa. Kama ungekuwa unaelekea jangwa la Chalbi kila mwezi ningekwambia tofauti. Hapo ningetaka mkono kwenye chasisi na hata spea mbili.

PaaJuu:
Ya pili mnaiweka wapi?

FundiLungaLunga:
Ndani, kijana. Imelala sakafuni nyuma ya viti, imefungwa kwa mikanda. Paani ni pale ambapo ndani kumejaa watu.

Ruaka120:
Nimeamua. Bawaba mbili, raba mpya, na nashuka kwenye 265/70R17 na aloi kwa zote tano. Vipenyo vitakuwa sawa, difu itapumua. Bampa tuachie watu wa kaskazini.

Kwa hiyo nina 285/70R17 tano za matope, na rimu tano za chuma za Prado. Nauza zote pamoja. Hiyo ya tano haijagusa barabara.

ChumaChakavu:
Rimu nachukua kwa kilo.

LandiYaBabu:
Rimu mpe huyo. Mimi nahitaji tairi tu. Ya tano DOT yake inasomaje? Na lilikuwa na kava?